Jiwe Chini ya Kitanda

Jiwe lako, baba, limelala chini ya kitanda cha mama
mwaka wa tisa huu,
limefunikwa gunia la unga,
jina lako likitazama chaga.
Ulisema: msinisimamishie jiwe
hadi mtimie watano.
Ukafa. Neno la maiti halina rufaa.

Basi tunapanga safari.
Mimi Huddersfield, nikitoka zamu ya usiku,
sare ya udereva ingali inanuka dizeli.
Theodora na Ena, Toronto.
Kester yuko Grenada, karibu na Carriacou kuliko sote,
na ndiye mgumu kuliko sote kupatikana.
Cosnel, Brooklyn, anapaka rangi kuta za watu.

Tulipanga Pasaka, Cosnel akasema nauli imepanda, tungoje.
Tulipanga Agosti, mama akafoka:
Agosti ni mwezi wa upepo,
mnakuja kuzika au kuzikwa?
Tulipanga Desemba, Theodora akajifungua;
tungoje, akasema Cosnel, mtoto apate nguvu.
Tukapanga Julai. Kimbunga kikatutangulia.

Kilichukua paa, mlango, kuku kumi na mmoja.
Friji kiliipeperusha kama bahasha.
Kitanda kilikutwa kwa jirani, miguu juu.
Jiwe halikusogea hata unywele.
Siku ya sita mama akanipigia kwa simu ya kuazima:
"Baba yenu yupo. Nyumba ndiyo haipo."

Sasa kuna bati jipya, na mama ana orodha.
Mbuzi wawili, anawalisha mwenyewe,
amekataa kuwapa majina.
Ramu ya kumwagia chini, na maji ya kumwagia chini.
Wapiga ngoma watatu kutoka Mount Royal.
Sahani ya wazee, itakayolala mezani usiku kucha
bila mkono wa aliye hai kuigusa.
Karamu yenyewe kwetu huitwa saraka.
Na vikombe, visiwe vya karatasi;
baba yenu hakunywea karatasi maisha yake yote.

Njia naijua kwa moyo:
Manchester, Barbados, Grenada,
kisha boti, ile inayoikwepa volkano iliyolala chini ya maji,
pale ambapo abiria hunyamaza bila kuambiwa.

Jumapili tukakutana kwenye simu,
nyuso sita katika vidirisha sita.
Nikauliza: pasipoti zenu zikoje?
Cosnel akasema, "Mimi siji."

Karatasi zake zilikufa miaka kumi na mitatu nyuma.
Akitoka Marekani, mlango unafungwa kisogoni pake,
na ana binti darasa la nne.
Kester akakohoa.
Mimi nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka,
nikizikusanya zile *tungoje* zake moja moja,
mimi niliyedhani ni uvivu.

Mama alikuwa anachambua mbaazi, hakuinua uso.
"Mnaikumbuka ngazi ya tangi la mvua?
Saruji ilikuwa mbichi, mkakatazwa.
Huyu akakanyaga. Miaka sita, mguu wa kushoto.
Baba yenu alimchapa, halafu akakataa kuuziba.
Kimbunga kimeuacha.
Jiwe likitoka ndani litapita pale.
Tutalitua juu ya unyayo ule, tupumue.
Nani atasema hakubeba?"

Cosnel alizima kamera.
Kidirisha kikawa cheusi, jina lake tu likabaki,
kama lililochongwa.

Leo nimelipa. Kiti cha dirishani.
Kilo ishirini na tatu:
bawaba nne za shaba, turubai,
vikombe dazeni mbili nimevivika soksi.
Na kifurushi kilichofika jana kwa posta kutoka Brooklyn:
brashi moja, mpya, ya manyoya laini,
na kijikaratasi,
*Herufi zake zipakwe nyeusi, mara mbili.
Msizipake juani.
Ya kwanza ikauke kabisa kabla ya ya pili.*